Viraka Anazima Sebuleni

Sogeeni karibu. Aliyekaa mbali atasikia nusu, na itakuwa ile nusu isiyo tamu.

Tukuyu kuna mvua. Mvua asubuhi, mvua mchana. Jioni ukungu unakuja kuuliza kama mvua ilifika.

Huko Tukuyu aliishi Sekela. Sekela alikuwa na miaka saba, na pengo moja kubwa mbele ya mdomo.

Aliishi na Baba, na Shangazi Tusajigwe, na Bibi. Bibi alikuwa mama yao Baba na Shangazi. Kwa hiyo hata Baba alikuwa na mtu wa kumwogopa.

Shangazi Tusajigwe alikuwa mwalimu wa hesabu. Lakini akirudi nyumbani, chaki anaiweka pembeni. Anashika bisibisi.

Wengine hupenda kupika. Wengine hupenda kusuka. Shangazi hupenda kufungua.

Redio anafungua. Simu anafungua. Pasi ya Bibi aliifungua, na mpaka leo Bibi hajasahau.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na stoo. Ndani ya stoo kulikuwa na gunia la mahindi, meza ndefu, na kompyuta tatu zilizokufa.

Moja ilinyeshewa. Moja iliangushwa ngazini. Moja ilikuwa nyumba ya panya, na panya walikuwa na watoto.

Shangazi na Sekela wakachukua sanduku la hii. Wakachukua kioo cha ile. Kutoka kwa ile ya panya wakachukua feni, baada ya kuwahamisha panya kwa heshima zote.

Kri, kri, kri. Wakafunga skrubu.

Unazijua skrubu? Ni misumari inayoingia kwa kuzunguka. Moja ikidondoka sakafuni, haionekani tena mpaka siku uko pekupeku.

Kazi ya Sekela ilikuwa kutunza skrubu. Alizipanga kwenye vizibo vya soda, kubwa huku, ndogo huku.

Kazi yake nyingine ilikuwa kubonyeza kitufe cha kuwasha. Hiyo hakumwachia mtu.

Akabonyeza. Piip. Feni ikaanza kuzunguka.

Fuuu, fuuu, fuuu.

Kioo kikawa cha bluu. Sekela akashika mashavu yake mawili.

"Yuko hai," akasema.

Wakampa jina Viraka, kwa sababu alikuwa na kiraka hapa na kiraka pale. Sekela alimpenda sana. Alimpenda kuliko ndizi za kuchoma, na ndizi za kuchoma si kitu cha mchezo.

Siku ya Jumatano wakambeba Viraka mpaka sebuleni. Sebuleni ndiko vinakokaa vitu vizuri. Kuna redio, kuna televisheni, kuna chupa ya chai ya wageni.

Sekela akabonyeza kitufe. Piip. Fuuu, fuuu, fuuu.

Baba akapiga makofi. Bibi akasogea, akasikiliza. Akasema tangu azaliwe hajaona sanduku linalopumua.

Shangazi akamwekea Viraka programu ya kuchorea. Mstari mwembamba wa kijani ukaanza kutembea kwenye kioo. Ulitembea polepole kama kinyonga.

Shangazi akasema mstari ukifika mwisho, Sekela ataweza kuchora. Atachora nyumba. Atachora mbuzi. Atachora chochote anachotaka. Ila wamwache Viraka afanye kazi yake, wao waende kula.

Wakaenda kula. Sekela alikula haraka mpaka akaambiwa atafune.

Walipomaliza, wakarudi sebuleni. Hakukuwa na fuuu.

Kioo kilikuwa cheusi tii.

Sekela akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya kile kile.

Sekela akalia. Alilia mpaka Bibi akatoka jikoni kuuliza nani amefariki.

Shangazi akamwambia Bibi hakuna aliyefariki. Ni Viraka tu, anaumwa. Bibi akatikisa kichwa, akasema masikini, pole yake.

Baba hakulia. Baba alijikwaa kwenye waya, akakaa chini, akawaza.

Kisha akasema Jumamosi mtu wa chakavu anapita. Kama Viraka bado anazima, basi aende naye. Sebule si mahali pa kuweka maiti.

Unamjua mtu wa chakavu? Anasukuma mkokoteni. Kwenye mkokoteni kuna kipaza sauti. Kipaza sauti kinasema maneno yale yale tangu asubuhi mpaka jioni.

"Chuma chakavu. Betri mbovu. Redio mbovu. Kompyuta mbovu."

Akichukua kitu, anakivunja kwa nyundo. Chuma anaweka huku. Shaba anaweka huku. Plastiki anatupa.

Sekela alijua hayo. Usiku alihesabu kwa vidole. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Vidole vitatu tu.

Alhamisi, Shangazi alirudi kutoka shule mapema. Akaondoa kitambaa cha kufuma kilichokuwa juu ya Viraka. Akakikunja vizuri, akakiweka kwenye kochi.

Wakambeba Viraka kurudi stoo.

Shangazi alikuwa na sheria moja, na sheria yenyewe ni hii:

Gusa chuma kwanza. Kisha fungua. Kisha tazama.

Kwa nini uguse chuma? Kwa sababu ukivaa sweta, kuna umeme mdogo unajificha vidoleni. Ukigusa chuma, unatoka. Usipogusa, umeme huo utamrukia Viraka na kumuumiza.

Sekela akagusa mguu wa meza, ule wa chuma. Shangazi akagusa. Kri, kri, kri. Wakafungua. Wakatazama.

Vumbi. Vumbi kwenye feni, vumbi kwenye kona, na punje moja ya mahindi ya panya.

Shangazi akachukua brashi ya rangi iliyo safi. Swii, swii, swii. Sekela akapiga chafya tatu, na ya tatu ilisaidia kuliko brashi.

Wakafunga. Sekela akabonyeza kitufe.

Piip. Fuuu, fuuu, fuuu. Viraka akawaka.

Wakakaa naye saa nzima. Hakuzima. Mstari wa kijani ukaanza kutembea, ukatembea, ukatembea.

Shangazi akasema amepona, na mstari utafikia mwisho sebuleni. Wakambeba sebuleni, wakamwasha tena, wakaenda kuwapa sungura majani.

Sungura wa kwanza hajamaliza jani lake, Sekela akakimbia ndani kuchungulia.

Kioo kilikuwa cheusi tii.

Sekela akasimama mlangoni. Akakuna kichwa. Kuna, kuna, kuna.

Stoo anawaka. Sebuleni anazima. Mbona?

Sekela hakuelewa. Hakuelewa kabisa.

Shangazi naye akaja, akakuna kichwa chake. Kwanza Viraka alizima wakati wa kula. Leo hata sungura hajashiba, kazima. Ugonjwa gani huu unaoongezeka baada ya kutibiwa?

Bibi alikuwa pembeni na kikombe chake cha chai. Akauliza mgonjwa anaendeleaje. Sekela akamwambia hali ni mbaya. Bibi akasema usiku huu baridi itakuwa kali, watu wajifunike.

Ijumaa, Shangazi akaondoa kitambaa cha kufuma. Akaondoa na kitenge kilichokuwa juu ya kitambaa. Akavikunja vyote viwili vizuri, akaviweka kwenye kochi.

Wakambeba Viraka kurudi stoo. Kiuno cha Shangazi kikalalamika.

Gusa chuma kwanza. Kisha fungua. Kisha tazama.

Shangazi akachomoa kibao chembamba, kirefu kama rula iliyokatwa. Akasema hiki ndicho Viraka anakitumia kukumbuka. Kikiwa na uchafu, anachanganyikiwa.

Kibao kilikuwa na meno madogo ya rangi ya dhahabu. Shangazi akaomba ufutio. Ndiyo, ufutio, ule wa shule, ule wa kufutia penseli.

Sekela akautoa mfukoni, lakini hakuuachia. Alikuwa na swali, na kuuliza si ujinga.

"Shangazi, tukimfuta si atasahau?"

Shangazi akacheka. Akasema hawafuti anayoyajua. Wanafuta uchafu kwenye meno tu, ni kama kupiga mswaki.

Suku, suku, suku. Sekela akafuta jino moja moja mpaka yakang'aa. Kibao kikarudi mahali pake. Ka!

Sekela akabonyeza kitufe. Piip. Fuuu, fuuu, fuuu. Viraka akawaka, na Sekela akamwangalia kwa karibu sana. Alitaka kujua kama anakumbuka.

Hapo akaona kitu cha ajabu. Kwenye kona ya kioo, Viraka aliandika tarehe. Alisema leo ni tarehe moja Januari. Tena alisema mwaka ambao Sekela alikuwa hajazaliwa.

"Shangazi, anadhani mimi sipo."

Shangazi akatazama, akapiga paja. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo kama kitufe cha shati. Ndiyo inayomsaidia kujua siku. Ikiisha, kila akiamka anaona ni mwaka mpya.

Wakamzima. Wakagusa chuma. Wakatoa betri ya zamani, wakaweka mpya. Kisha Shangazi akampangia saa, na siku, na mwezi, na mwaka.

Sekela akasoma kwa sauti. Ijumaa. Ndiyo, ilikuwa Ijumaa. Sasa Viraka alijua siku. Na alijua kwamba Sekela amezaliwa.

Wakakaa naye stoo. Mvua ikanyesha kwenye bati, na Viraka akapumua. Fuuu, fuuu, fuuu. Hakuzima hata kidogo.

Wakambeba sebuleni. Wakamwasha. Mstari wa kijani ukaanza kutembea. Wakatoka kwenda kunawa mikono.

Kunawa mikono tu. Hata sabuni haijaisha povu.

Kioo kilikuwa cheusi tii.

Sekela akakuna kichwa. Kuna, kuna, kuna.

Stoo anawaka. Sebuleni anazima. Mbona?

Alitazama redio. Redio ilikuwa nzima. Alitazama televisheni. Televisheni ilikuwa nzima. Alitazama soketi ukutani, akaitazama kwa hasira. Soketi haikusema kitu.

Labda sebule haimpendi Viraka. Labda Viraka anaona haya mbele za watu. Labda anataka kurudi kwa panya wake.

Sekela hakuelewa. Hakuelewa kabisa.

Shangazi akaketi kwenye mkono wa kochi. Alikuwa na rangi ya uchovu usoni. Akasema neno ambalo Sekela hakuwahi kumsikia mwalimu akilisema.

"Sijui," akasema Shangazi. "Kwa kweli sijui."

Hapo Sekela akaogopa. Kama Shangazi hajui, nani anajua?

Usiku ule alilala akiwa amebakiwa na kidole kimoja tu cha kuhesabu.

Jumamosi asubuhi Bibi aliamka na mafua. Sekela akamsalimia, shikamoo Bibi. Bibi akaitikia marahaba kwa sauti ya puani. Baba akamuuliza kama amelala vizuri. Bibi akasema amelala tu.

Juu ya Viraka kulikuwa na kitambaa cha kufuma, na kitenge, na blanketi la mistari. Shangazi akaviondoa vyote vitatu. Akavikunja. Kochi likajaa.

Safari hii hawakumpeleka stoo. Sekela alikuwa na wazo.

Kila Viraka anapozima, wao hawapo. Wako mezani. Wako kwa sungura. Wako kwenye beseni la maji. Hakuna aliyewahi kumwona anavyozima.

"Leo sitoki," akasema Sekela. "Nitakaa naye mpaka nione."

Shangazi akasema sawa. Shangazi akaenda kufua. Baba akaenda kukata majani ya ng'ombe. Sekela akakaa kwenye mkeka, mbele ya Viraka, miguu kaikunja.

Akabonyeza kitufe. Piip. Fuuu, fuuu, fuuu.

Mstari wa kijani ukaanza kutembea. Sekela hakupepesa macho. Akipepesa, alipepesa moja moja.

Mlango ukafunguliwa taratibu. Alikuwa Bibi.

Bibi akamwona Viraka yuko wazi, hana kitu mwilini. Akaguna. Akasema baridi ya Tukuyu haina adabu, na hawa watu wanamwacha mgonjwa hivi hivi.

Akachukua kitambaa cha kufuma. Alikifuma mwenyewe, kwa sufu nene, maua mekundu katikati. Akamfunika Viraka mpaka chini, kioo tu akakiacha nje.

Sekela alimwona. Lakini hakushangaa. Katika nyumba ile kila kitu kizuri kilivaa kitambaa. Redio ilivaa. Televisheni ilivaa. Hata chupa ya chai ya wageni ilivaa. Nani anashangaa kuona nguo kwenye kitu kizuri?

Bibi akachukua kitenge. Akamfunga Viraka kitenge juu ya kitambaa.

Fuuu, fuuu, fuuu.

Kisha Bibi akachukua lile blanketi la mistari. Akalizungusha huku na huku. Akalichomekea nyuma, akalichomekea pembeni, kama mtu anavyomfunika mtoto.

"Mgonjwa haulizwi uji," Bibi akamwambia Sekela, akapiga chafya.

Sekela akaangalia lile blanketi. Mistari ya bluu. Mistari ya kahawia. Tundu dogo pembeni.

Lilikuwa blanketi la Bibi. La kitandani kwake. Bibi alilala bila blanketi ili Viraka apone.

Sekela akamgeukia Bibi. Alitaka kumkumbatia Bibi. Lakini hapo hapo Viraka akabadilisha sauti.

Fuuu ikawa FUUU. FUUU, FUUU, FUUU. Alihema kama ng'ombe anayepanda mlima.

Sekela akagusa mguu wa meza, wa chuma, kwa sababu sheria ni sheria. Kisha akaingiza mkono chini ya blanketi.

Moto. Moto kama chapati inayotoka kikaangoni.

Akaingiza kichwa kizima. Lo, joto. Giza na joto, na pumzi hakuna. Jasho likamtoka Sekela puani.

Akatoa kichwa. Akapumua. Akawaza.

Stoo Viraka havai kitu. Sebuleni anavaa.

Kitambaa, akachelewa kuzima. Kitambaa na kitenge, akawahi kuzima. Kitambaa, kitenge na blanketi, akazima povu la sabuni halijaisha.

Sasa Sekela alielewa. Alielewa yote, na akatamani asingeelewa.

Maana angesemaje? Huwezi kumvua mtu zawadi ya Bibi. Na Bibi alikuwa pale pale, pua nyekundu, anatabasamu, amefurahi kwamba mgonjwa amefunikwa vizuri.

FUUU, FUUU, FUUU. Chini ya blanketi, Viraka alikuwa anazidiwa. Na mbali huko, kwenye barabara ya chini, kipaza sauti kilianza kusikika. Chuma chakavu. Betri mbovu.

Sekela akasimama. Akamshika Bibi mkono, ule mkono mkavu unaojua kufuma.

"Bibi," akasema, "Viraka anatoka jasho."

Akauongoza mkono wa Bibi mpaka chini ya blanketi.

Bibi akashika. Akashtuka. Akashika tena, upande wa nyuma, kule feni inakotolea pumzi. Pumzi ilikuwa imezibwa na blanketi.

Bibi akautoa mkono. Alitazama kitambaa chake chenye maua. Aliketi polepole kwenye kochi.

"Kumbe ni mimi," akasema Bibi. "Nilidhani anasikia baridi."

Macho ya Bibi yakalowa. Ya Sekela yakalowa pia.

"Yeye hasikii baridi, Bibi," akasema Sekela. "Anasikia joto tu. Wewe ndiye unasikia baridi."

Bibi akamtazama mjukuu wake. Kisha akainuka mwenyewe. Hakusubiri Shangazi, hakusubiri Baba.

Akatoa blanketi. Akatoa kitenge. Akatoa kitambaa cha kufuma, taratibu, akakikung'uta, akakiweka kwenye kochi juu ya kitenge.

FUUU ikashuka. Ikashuka tena. Fuuu, fuuu, fuuu.

Mstari wa kijani ulikuwa bado unatembea. Wakakaa wawili kwenye mkeka, Bibi na Sekela, wanautazama. Bibi akiwa na blanketi lake mabegani.

Shangazi akaingia, mikono ina sabuni. Akamwona Viraka anawaka sebuleni. Akasimama kama mtu aliyeona jogoo anataga.

Sekela akamweleza. Alieleza vitambaa, na feni, na pumzi, na jasho. Alieleza haraka, maneno yakapita kwenye pengo na kupiga mluzi.

Shangazi akavitazama vitambaa vile, viwili kwenye kochi, na blanketi mabegani mwa Bibi. Mara tatu aliviondoa. Mara tatu alivikunja, tena vizuri, kona kwa kona.

Akasema yeye mwalimu mzima amefungua sanduku lote mpaka betri, na jibu alikuwa amelishika mkononi. Akacheka mpaka akakaa chini. Bibi naye akacheka, akapiga chafya, akacheka tena.

Mstari wa kijani ukafika mwisho. Tiling!

Ukurasa mweupe ukafunguka. Viraka alikuwa tayari.

Sekela akachora. Alichora duara la kichwa. Akachora kilemba. Akachora mikono mirefu, kila mkono vidole sita, maana mikono ile ilikuwa na kazi nyingi.

"Huyo nani?" Bibi akauliza, ingawa alishajua.

Nje, kipaza sauti kilikuwa kimekaribia sana. Kompyuta mbovu. Kompyuta mbovu. Kisha kikanyamaza, maana mkokoteni ulikuwa umefika getini.

Baba akaingia na matope miguuni. Akamtazama Viraka. Akatazama picha. Akakuna kidevu, akasema basi atatoka kumwambia yule kijana apite tu.

Bibi akamwambia Baba aketi. Atakwenda yeye.

Bibi akatoka kwenye manyunyu, na blanketi lake mabegani. Sekela akamfuata nyuma, ameshika pindo la blanketi.

Mtu wa chakavu akamwamkia Bibi vizuri, shikamoo mama. Akasema ameambiwa nyumba hii ina kompyuta mbovu.

"Marahaba, mwanangu," akasema Bibi. "Mbovu hatuna. Tulikuwa na mgonjwa. Watu wakamtibu, na mimi nikamfunika mno. Sasa tumemwacha apumue."

Mtu wa chakavu akamtazama Bibi. Akalitazama blanketi. Akamtazama Sekela.

Akakuna kichwa. Kuna, kuna, kuna. Hakuelewa. Hakuelewa kabisa.

Akasukuma mkokoteni wake, akaenda zake.

Jioni ukungu ulikuja, kama kawaida yake. Watu wakala. Watu wakanawa. Baba akautafutia waya mahali pazuri, nyuma ya meza, asijikwae tena.

Sekela akapanda kitandani. Mlango wa sebule ulikuwa wazi kidogo, na Bibi alikuwa bado anaiangalia ile picha. Bibi aliomba Viraka asizimwe kwanza.

Fuuu, fuuu, fuuu.

Sekela alitaka kuisikiliza mpaka Bibi aende kulala. Akasikiliza moja. Akasikiliza mbili. Ya tatu hakuisikia.